Mbao "iliyobunguliwa": sikiliza neno hilo kabla ya kulipa

Ukienda Keko, Dar es Salaam, kununua kitanda au kabati, fundi akikwambia mbao "imebunguliwa", usidhani anazungumzia matundu ya misumari. Kubungua ni kazi ya wadudu: wanakula ndani ya mbao, na nje unaona vitundu vidogo vya mviringo kama vya sindano. Ni neno lile lile la mahindi yaliyobunguliwa ghalani. Tundu la kekee (drili) huitwa tundu tu, au tobo. Na tafadhali tusiseme "mashimo". Shimo ni la ardhini.

Vitundu peke yake havitoshi kuikataa mbao, kwani huenda wadudu walishatoka zamani. Angalia unga wa mbao. Gonga mbao, tandika gazeti chini yake, urudi baada ya siku chache. Ukikuta unga laini mpya, wadudu bado wamo. Kazi ya mchwa ni tofauti, wao huacha udongo.

Kagua zaidi sehemu nyeupe ya pembeni ya mbao, hata ikiwa ni mbao imara ya mninga. Hapo ndipo wanapopenda kuanzia, moyo wa mti huwa mgumu kwao.