Kadi ya chapuchapu kwa mabaki ya karatasi ya zawadi

Usitupe vipande vya karatasi ya kufungia zawadi, vinatosha kadi za Idi au harusi. Kata manila ya A4 katikati, kisha kunja kila nusu: unapata kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8, inayoingia bahasha ya C6 bila kulazimishwa. Kabla ya kukunja, pitisha biki iliyokwisha wino kando ya rula. Mkunjo utanyooka vizuri. Karatasi ya maua ipunguze nusu sentimita kila upande, manila ibaki ikionekana kama fremu. Na gundi iwe ya stiki, tafadhali. Ile ya maji huacha karatasi nyembamba na makunyanzi. Maua yakiwa makubwa, bandika ukanda mmoja tu, maandishi yapate pa kukaa.