Ukiposwa kwa picha: maneno ya somo wa Mikindani

Mwaka 1988 niliposwa kwa picha moja ya rangi. Bwana kavaa kanzu nyeupe, kaegemea gari, nywele nyeusi tititi. Nilipofika Muscat nikapokelewa na mzee wa mvi. Gari la jirani, na picha yenyewe ina miaka kumi na mitatu! Nilikaa naye miaka tisa, hakuwa mtu mbaya. Ila sasa mabinti wa hapa Mikindani wenye posa za ng'ambo huletwa kwangu mimi somo wao, na nikishawafunda mambo ya ndani, nawaambia haya.

Picha moja usiipokee. Taka ya mwaka huu, tena akiwa na ndugu zake. Halafu mpigie simu ya video mchana, si usiku taa zinapomsaidia. Mwambie atoke nje, akuonyeshe jiko, mlango, barabara. Mwenye nyumba hapapasi kutafuta swichi. Watu wakipita, sikiliza wanavyomsalimia. Mimi hapo ndipo ninapomjua mtu.

Mjukuu wangu aliyeko chuo alinisimulia habari za Wakorea, nikacheka mpaka machozi. Wanaume wao walianza kufika Hawaii Januari 1903 kulima miwa, wengi makapera. Kuanzia 1910 hadi 1924 wakawa wanaagiza wachumba kwao kwa kupelekeana picha. Wapo waliotuma picha za ujanani, wapo walioazima suti. Binti anavuka bahari, anateremka Honolulu, anayemngoja ni rika la baba yake, kaungua jua la mashambani. Nikasema, kumbe wenzangu wapo!

Lakini kucheka kuliniishia kwenye nauli. Nauli kalipa bwana, binti hana ya kurudia, na kwao kuna aibu inamngoja. Basi mwanangu, ya kwenda alipe yeye, ya kurudi iwe yako, na itoke kwenye mahari. Mahari ni haki yako, si ya baba wala ya mjomba. Najua huku kwetu mjomba ana neno lake kwenye posa, mheshimu, mpe kiti. Fedha usimpe akuwekee. Yangu iligeuka mabati kabla sijapanda ndege.

Karatasi hazina hadithi ndefu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka ridhaa yako mwenyewe, kwa hiyo ukiulizwa usiinamishe kichwa tu, sema. Nakala ya cheti cha ndoa na ya pasi ziache kwa mama. Pasi yenyewe ushike wewe. Na kama ameahidi utafanya kazi, au utakuja kusalimia kila baada ya miaka miwili, iandikwe kabla ya kufunga ndoa. Ahadi ya mdomo inabaki uwanja wa ndege.

Kisha nenda na kazi ya mkono. Wale mabinti wa Kikorea waliwafulia nguo makapera wa mashambani kwa malipo, wakawapikia, wakashona. Mwaka 1919 wakaunda chama chao cha wanawake, wakachangisha fedha za kusaidia nchi yao, iliyokuwa chini ya Japani. Fedha za kufua nguo hizo! Mimi nilikuwa najua kudarizi kofia. Kule wanaume hawatoki bila kofia, na kofia ya mkono ina bei. Ya kwanza nilishona wiki sita nikauza kwa jirani, yule yule wa gari. Siku hiyo nilinunua samaki bila kumwomba mtu.

Lugha, anza na maneno ya sokoni na ya hospitali; ya mapenzi atakufundisha mwenyewe.

Mwisho niletee kanga yako moja, ya kuchakaa chakaa. Nambari ya ubalozi wetu wa huko uendako naishona mwenyewe kwenye pindo, kwa ndani, kwa uzi mwekundu. Simu inaweza kufichwa. Kanga kuukuu hakuna anayeihangaikia.