Kabla ya Kufundisha Uhandisi wa Programu Malindi

Anayepewa somo la utangulizi wa uhandisi wa programu kwa mara ya kwanza hukimbilia kuandaa slaidi. Slaidi zinaweza kungoja. Cha kutafutwa mapema, mwezi mzima kabla ya muhula, ni mteja: mtu mwenye kazi yake halisi, asiyejishughulisha na kompyuta. Mwaka 1968, katika mkutano wa Garmisch, Ujerumani, uliolivumisha jina la fani hii, wataalamu walilalamika kwamba programu zinachelewa, zinakula fedha kupita kiasi na haziaminiki. Malalamiko hayo yangalipo, na mengi huanzia pale mteja asipoeleweka.

Malindi mteja hayuko mbali. Nenda bandarini vyombo vinapoingia, uzungumze na mnunuzi wa samaki anayeweka hesabu zake kwenye daftari. Ukimuuliza anataka programu gani, atakwambia ya kuandika kilo na bei. Ukikaa kando ya mizani utaona mengine: mafuta na barafu vilivyokopwa vinakatwa kwanza, chombo kina fungu lake, mabaharia wanagawana kinachobaki, na kuna samaki wa kitoweo wasiopimwa kabisa. Wanafunzi waione hesabu hiyo kwa macho yao, kwa maana hakuna mhadhara utakaowafundisha ukusanyaji wa mahitaji kama hapo. Omba ruhusa mapema, na majina ya wadeni yasinakiliwe. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Muhula ukiangukia kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka na vyombo vidogo hutoka kwa nadra, basi panga ziara upya.

Halafu vifaa. Usijenge somo juu ya intaneti, kwa sababu stima hukatika na bando huisha. Git, programu ya kutunza kumbukumbu za kila badiliko la kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huweka historia yote kwenye mashine ya kila mtu, kwa hiyo kazi hurekodiwa hata bila mtandao. Hazina kuu, yaani nakala ya pamoja ya kazi ya darasa, ikae kwenye laptopu moja, darasa liunganishwe kwa ruta ndogo. Programu za kusakinisha ziwe kwenye flashi, na uzijaribu kwenye laptopu dhaifu kabisa utakayoipata.

Linalosahauliwa mno ni msimbo wa kurithi, yaani maandishi ya programu iliyoandikwa na mtu mwingine. Andika programu ndogo inayofanya kazi, uache kasoro mbili tatu makusudi, kundi la wanne au watano lizitafute kwa majaribio. Roketi ya Ariane 5 iliangamia Juni 1996, chini ya dakika moja baada ya kuruka: msimbo uliotoka Ariane 4 haukujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya, na namba ikazidi nafasi iliyotengewa.

Alama nazo ziamuliwe kabla. Mimi hutoa nusu kwa programu, nusu kwa maelezo ya mdomo: namfungulia mwanafunzi badiliko lililofanywa na mwenzake, aeleze lilihitajika kwa nini. Waambie siku ya kwanza, wapate kusomeana kazi mapema.