Namna ya Kutumia Kozi za Mtandaoni Kumfundishia Mtoto Dini Katoliki Nyumbani

Mzazi Mkatoliki anayekusudia kumwandikisha mwanawe katika kozi ya dini ya mtandaoni aanzie parokiani, kabla hajalipa hata shilingi moja. Kanuni ya 774 ya Sheria ya Kanisa inawaweka wazazi mbele ya watu wengine wote katika wajibu wa kuwalea watoto katika imani kwa maneno na kwa mfano wa maisha. Hata hivyo, kanuni ya 914 inawapa wazazi na paroko kwa pamoja jukumu la kuhakikisha kwamba mtoto aliyefikia umri wa kutumia akili anaandaliwa ipasavyo, anaungama, kisha anapokea Komunyo ya Kwanza mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo hakuna kozi, hata iwe nzuri kiasi gani, inayoweza kumfikisha mtoto kwenye sakramenti bila kupitia parokia yake. Paroko ndiye atakayeamua kama mtoto yuko tayari, na katika uamuzi huo humtegemea sana katekista aliyekaa na mtoto huyo darasani. Muulize katekista ni kitabu gani kinachotumika, ni sala zipi mtoto anatakiwa kuzijua kwa moyo, na mahudhurio yanahesabiwaje kwa mtoto anayesoma shule ya bweni. Utaratibu hutofautiana kati ya parokia na parokia, kwa hiyo jibu alilopewa jirani yako lisikutoshe.

Ukishajua parokia inataka nini, utaona kozi inafaa wapi. Inamsaidia mtoto wa bweni anayerudi nyumbani likizo ya Juni na ya Desemba tu, familia inayoishi mbali na kigango, na familia iliyohamia nchi ambayo kanisa liko mji mwingine. Inamsaidia pia mtoto anayehudhuria mafundisho kila Jumamosi katika darasa lenye watoto wengi wa umri mbalimbali, mahali ambapo katekista, kwa bidii yake yote, hapati nafasi ya kumsikiliza mmoja mmoja.

Katika kuchagua, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kozi ni ya Kikatoliki kweli, kwa maana mtandaoni masomo mengi ya watoto huitwa ya Kikristo bila kutaja dhehebu, na picha za Nuhu na safina yake hufanana kila mahali. Fungua somo la Amri Kumi. Katika hesabu ya Kikatoliki, «Usizini» ni amri ya sita. Ukiikuta ya saba, kozi hiyo inafuata hesabu ya madhehebu mengine mengi. Tazama somo la Biblia: vitabu viwe 73, si 66, na Tobiti, Yudithi na Wamakabayo wawemo. Sikiliza Baba Yetu inavyosaliwa. Ikiendelea moja kwa moja hadi maneno ya ufalme, nguvu na utukufu, ambayo katika Misa hutamkwa peke yake baada ya sala ya padre, shuku. Vipimo hivi vinachukua dakika chache na vinaokoa fedha.

Baada ya hapo tafuta idhini. Vitabu vya katekesi vinahitaji kibali cha askofu, na kibali hicho huandikwa katika kurasa za mwanzo kwa neno la Kilatini «Imprimatur», mara nyingi likitanguliwa na «Nihil obstat», yaani hakuna kizuizi. Kozi nyingi za mtandaoni zimejengwa juu ya kitabu chenye kibali. Hakikisha kitabu hicho kinatajwa. Kwa kozi za Marekani, Baraza la Maaskofu la nchi hiyo huchunguza vitabu vya katekesi na kutoa orodha ya vile lilivyoviona vinakubaliana na Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Kozi isiyosema lolote kuhusu askofu, kitabu wala waandaaji wake, mimi ningeiacha hata kama inatolewa bure.

Usichague kozi kwa jina la darasa. Kozi ya Marekani iliyoandikwa «darasa la pili» kwa kawaida ndiyo ya Kitubio na Komunyo ya Kwanza, kwa sababu huko watoto wengi hupokea wakiwa na miaka 7 au 8, wakati katika parokia nyingi za kwetu watoto huandaliwa wakiwa wakubwa zaidi ya hapo. Chagua kwa sakramenti inayokusudiwa, kisha angalia kama lugha na michezo ya somo haitamchosha mtoto mwenye miaka 10.

Kuna mambo ya kawaida yanayowakwamisha wazazi baada ya kulipa. Kozi za moja kwa moja zenye mwalimu aliyeko Marekani hazifai kwa mtoto aliyeko Afrika Mashariki: somo la saa kumi jioni New York linaanza saa tano usiku kwetu, na miezi ya baridi kwao linaanza saa sita. Chukua kozi zilizorekodiwa. Uliza kama video zinaweza kupakuliwa, kwa sababu bando linalotosha mawasiliano ya familia haliwezi kubeba video za kila wiki. Mzazi mwenye intaneti kazini, ikiwa anaruhusiwa kuitumia kwa mambo yake, azipakue huko na kuja nazo kwenye flashi. Soma masharti ya malipo, hasa kama kadi itakatwa tena yenyewe mwaka ukiisha. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya mzazi, jina kamili la mtoto na picha yake visiwekwe, na kama kozi ina sehemu ya kuandikiana ujumbe na watu wengine, ifungwe.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, ambapo kozi nzuri huharibika au kuzaa matunda. Kumwachia mtoto simu na kuendelea na shughuli nyingine, au kumwagiza dada wa kazi amsimamie, si kufundisha dini. Keti naye. Tuseme somo ni la Ekaristi na video ina dakika 20. Mwonyeshe dakika tano za kwanza, simamisha, mwambie akueleze kwa maneno yake alichosikia. Akisema kwamba mkate ni «kama mfano wa Yesu», hapo ndipo kazi yako ilipo: mweleze taratibu kwamba Kanisa linafundisha kuwa baada ya mageuzo, yaani padre anapokwisha kuuweka wakfu mkate katika Misa, ni Kristo mwenyewe, mwili, damu, roho na umungu wake, ingawa macho yanaona mkate. Mwache achore altare, kalisi (kikombe cha divai) na patena (sahani ya mkate). Jumamosi ifuatayo, mkiwa mmekwenda kusaidia usafi wa kanisa, mwonyeshe tabernakulo, yaani kisanduku inamotunzwa Ekaristi, na taa inayowaka kando yake, umfundishe kupiga goti pale. Somo hilo moja litachukua wiki nzima, na ni vizuri lichukue wiki nzima; anayemaliza kozi ya mwaka kwa mwezi mmoja amemaliza video tu.

Maswali ya kuchagua jibu yanayosahihishwa na kompyuta yasikudanganye. Mtoto mjanja hubonyeza hadi apate alama zote bila kuelewa neno. Funga skrini, umuulize kwa mdomo, naye ajibu akiwa amesimama, jinsi atakavyoulizwa na paroko siku ya mtihani.

Kozi nyingi zimeandaliwa kwa Kiingereza, na hapo kuna shimo ambalo wazazi wengi hawalioni hadi wiki za mwisho. Mtoto anajifunza Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki na Sala ya Kutubu katika lugha ya kozi, kisha anaketi mbele ya katekista na hawezi kusali Nasadiki ya Kiswahili kupita mistari miwili. Kwa kila sala inayokuja kwenye kozi, sitisha video na mfundishe sala hiyohiyo kutoka kitabu cha sala kinachotumika jimboni kwenu, neno kwa neno. Isaliwe kila usiku pamoja na familia mpaka imkae. Kwa Kitubio fanya vivyo hivyo: mzoeshe namna ya kuanza, kutaja dhambi na kusali Sala ya Kutubu kwa lugha atakayoitumia mbele ya padre wenu.

Shimo jingine ni watakatifu. Kozi ya ng'ambo itamjaza mtoto watakatifu wa Ulaya na Marekani, na si vibaya, lakini pembeni mwa masomo hayo weka ya kwetu. Tarehe 3 Juni mweleze Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Kizito, aliyekuwa mdogo wao, huwagusa sana watoto. Tarehe 8 Februari mweleze Yosefina Bakhita wa Sudan, aliyepitia utumwa akiwa mtoto. Mwenye heri Anuarite wa Kongo aliuawa mwaka 1964. Jildo Irwa na Daudi Okelo, makatekista vijana wa kaskazini mwa Uganda, waliuawa mwaka 1918 wakiwa wanafundisha dini, nao wanamsaidia mtoto kumheshimu katekista wake. Na kwa mtoto asiyebanduka kwenye kompyuta, Carlo Acutis anafaa: alikusanya habari za miujiza ya Ekaristi katika tovuti, akafariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Kozi isichukue nafasi ya Misa wala ya jumuiya. Waraka wa Vatikano wa mwaka 2002 kuhusu Kanisa na Intaneti unasema wazi kwamba hakuna sakramenti kwenye mtandao. Mtoto aende Misa ya Jumapili, afike kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo na wazazi wake, na kama parokia ina Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, ajiunge, kwa sababu huko ndiko anakojifunza kuimba, kusoma somo na kusali na wenzake. Kozi ikigongana na ratiba ya Utoto Mtakatifu, isogezwe kozi.

Mwishoni kozi nyingi hutoa cheti chenye rangi na jina la mtoto. Kitundike ukutani ukipenda, ila parokia haitakiuliza. Itakachouliza ni cheti cha ubatizo, na kama mtoto alibatizwa parokia nyingine, kitafute miezi kadhaa kabla. Pamoja nacho mpelekee katekista daftari la mtoto, lenye tarehe za masomo, michoro yake na orodha ya sala anazozijua, ili aone mapema wapi pa kumwongezea.