Somo: Mteja asiyeona akija steshenari, aandike mwenyewe

Wenye steshenari za Nyegezi, Igoma na Kirumba hapa Mwanza, hili letu. Akija asiyeona kuomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, tunamwambia "nitajie nywila nikuandikie," foleni nzima inasikia. Hapo tumemnyima faragha yake.

Hatua ya 1: Sakinisha NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti kwenye Windows. Aliyeianzisha mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, mwenyewe haoni. Ukishaisakinisha, Ctrl, Alt na N huiwasha.

Hatua ya 2: Mteja achague sauti na kasi. Ndani ya NVDA mna eSpeak NG, sauti ya kompyuta inayosoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya roboti. Aliyeizoea huiendesha mbio mpaka wewe husikii neno. Usimpunguzie!

Hatua ya 3: Hedifoni, lazima. Nywila haitajwi herufi kwa herufi, lakini namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, husomwa yote.

Hatua ya 4: Mausi weka pembeni. Vidole vyake vitatafuta vinundu vya F na J, kwa hiyo kibodi iliyosagika ibadilishe. Tab humpeleka kwenye kiungo au kisanduku kinachofuata, H kwenye kichwa cha habari.

Hatua ya 5: Wenye uoni hafifu, wakiwemo wateja wengi wenye ualbino, wasitazamane na mlango, jua la Mwanza linawaumiza macho. Kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha hufungua kikuza maandishi.

MASWALI

Mkuu, nimefungua fomu ya PDF, NVDA kimya. Mbovu?
Hapana, fomu imeskaniwa, ni picha. Kwenye Windows 10 na kuendelea bonyeza Insert na R, itajaribu kuyatambua maandishi. Mteja ataisoma, ila kuijaza bado atahitaji mkono wako.

Huduma hii tuitoze zaidi?
Bei ile ile, dada. Anatumia kompyuta kama wengine.

Mteja wangu ana simu tu.
Kwenye Android nyingi, shikilia vitufe viwili vya sauti kwa sekunde chache, TalkBack, kisoma skrini cha simu, itawaka. Gusa mara moja isome, mara mbili ifungue.

Nauza dagaa mtandaoni. Picha inasomwa "IMG" na tarakimu.
Jaza sehemu ya maelezo ya picha: "Dagaa wakavu, gunia." Na bei iliyochorwa ndani ya picha iandike pia chini yake.