Somo: Kusaka jeni za sumu ya Staphylococcus aureus kwenye maziwa mabichi kwa PCR

Maziwa yanayoingia Mwanza kutoka Misungwi na Magu mengi huja kwa bodaboda, ndani ya madumu ya plastiki, jua likiwa limeshapanda. Joto hilo ndilo analolitaka bakteria Staphylococcus aureus, anayetoka kwenye kiwele kinachougua au kwenye mikono ya mkamuaji. Akifika kama laki moja kwa mililita, huenda ameshatoa sumu ya kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Hapa tunatafuta jeni tano za sumu hiyo, sea, seb, sec, sed na see, kwa PCR: mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane.

Koroga dumu kabla ya kuchota, maana bakteria wengi hupanda pamoja na malai. Chukua mililita 10 kwa tyubu iliyotakaswa, weka kwenye kuluboksi lenye barafu, anza kazi siku hiyohiyo.

Sasa kuosha, na hapa msiwe na haraka. Maziwa ni adui wa PCR: kalisi yake inashindana na magnesi ambayo kimeng'enya cha Taq (kinachonakili DNA) kinaihitaji, mafuta na protini vinaizuia, na ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele anakupa DNA yake mwenyewe tele. Changanya mililita 1 ya maziwa na mikrolita 200 za EDTA (kemikali inayoshika madini) ya 0.5 M, pH 8. EDTA inaishika kalisi na kasini (protini ya maziwa) inalegea. Utaona weupe unapungua. Zungusha kwenye sentrifyuji kwa 10,000 g (mara 10,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 10. Toa malai ya juu kwa pamba safi, mwaga majimaji, osha mashapo mara mbili kwa mililita 1 ya PBS (maji ya chumvi yenye bafa). Usiruke uoshaji wa pili: EDTA ikibaki inaibeba na magnesi ya PCR, na utalaumu praima (vipande vifupi vya DNA vinavyolenga jeni) bure.

Ukuta wa bakteria huyu ni mgumu, kuchemsha peke yake hakutoshi. Weka mashapo kwenye mikrolita 100 za TE (bafa ya Tris na EDTA) yenye lisostafini, kimeng'enya kinachovunja ukuta huo, 100 µg/ml, nyuzi 37 kwa dakika 30. Ongeza protinase K (kimeng'enya kinachokula protini) ifike 100 µg/ml, nyuzi 56 dakika 30, kisha nyuzi 95 dakika 10. Hizo 10 za mwisho ni za kuiua protinase K. Ikibaki hai itaila Taq. Zungusha tena, tumia maji ya juu.

Tyubu moja ya PCR ya mikrolita 25, zote kwa mikrolita: masta miksi (mchanganyiko tayari wenye Taq) 12.5 (ya 2x), praima za 10 µM 1 na 1, DNA 2, maji 8.5. Nyuzi 95 dakika 5. Mizunguko 35 ya nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 55 hadi 57 sekunde 30 (fuata praima zako), nyuzi 72 dakika 1. Malizia nyuzi 72 dakika 7. Kisha tenganisha DNA kwenye jeli ya agarosi 2%, volti 100, kama dakika 50.

Kwa seti ya praima inayotumika sana, bendi (mistari ya DNA kwenye jeli), kwa jozi za besi (bp), ni: sea 102, seb 164, see 209, sed 278, sec 451. Wengi hutumia pia jeni ya nuc kuthibitisha kuwa ni S. aureus, nayo ni 279. Mkiiweka tyubu moja na sed hamtazitofautisha hata mkodoe macho. Kila moja iende tyubu yake.

Na kila sampuli iwe na tyubu ya ziada yenye DNA yake pamoja na DNA ya kontroli chanya (ya bakteria anayejulikana kuwa na jeni hiyo). Bendi ya kontroli isipotokea humo, jibu lako siyo "hasi", ni "maziwa yamezuia". Punguza DNA mara 10 urudie.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimepata sea. Niandike maziwa yana sumu?
Jibu: Hapana, ndugu. Andika "jeni ya sea imeonekana". Jeni hata ya bakteria mfu inaonekana. Sumu yenyewe inapimwa kwa ELISA (kipimo cha kingamwili). Ukitaka kujua kama wako hai, otesha kwenye agari ya Baird-Parker, nyuzi 37 saa 48. Tafuta makoloni meusi yanayong'aa yenye duara wazi pembeni.

Swali: Mteja anasema anachemsha, kwa hiyo hana shida.
Jibu: Kuchemsha kunaua bakteria, sumu yake inahimili. Maziwa yaliyoshinda kwenye joto kabla ya jiko hayaokolewi na jiko. Mwambie apoze mapema.

Swali: Kontroli yangu ya maji (tyubu yenye maji badala ya DNA) ina bendi 102!
Jibu: Tupa masta miksi, maji na praima ulizofungua, usihangaike kutafuta mkosaji. Kisha tenganisha: meza ya kuchanganyia isikutane na pipeti ya jeli, hata koti libadilishwe.

Swali: Umeme ulikatika mzunguko wa 12, ukarudi baada ya nusu saa. Niendelee?
Jibu: Anza upya na tyubu mpya, DNA yako si bado ipo? Tyubu zilizokaa kwenye joto la chumba zitakuletea vibendi vya ajabu. Na masta miksi igawe kwenye tyubu ndogondogo. Kuyeyuka na kuganda mara kwa mara kunaidhoofisha.

Swali: Bendi ya nuc ni hafifu mno, maziwa ni mazuri kwa macho.
Jibu: Bakteria wachache, au umewatupa na malai. Weka mililita 1 ya maziwa kwenye mililita 9 za mchuzi wa kuotesha wenye chumvi, nyuzi 37 usiku kucha, kisha rudia kuanzia kwenye sentrifyuji, bila EDTA safari hii.