Kutumia Kundi Jipya la Linux Bila Kutoka kwenye Akaunti

Tuseme Asha anajifunza Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu, katika karakana moja ya Ngamiani, Tanga, na ameunganisha bodi yake kwenye kompyuta ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, lakini anakataliwa kuifungua `/dev/ttyUSB0`, yaani jina ambalo mfumo umeipa bodi hiyo, kwa sababu kifaa hicho ni cha kundi la watumiaji liitwalo `dialout` naye hayumo. Msimamizi anamwongeza:

`sudo usermod -aG dialout asha`

Herufi `a` isisahaulike kamwe, kwani bila hiyo `-G` humwondoa mtumiaji katika makundi yote ya ziada ambayo hayakutajwa, pengine hata kundi la `sudo` linalompa mamlaka ya msimamizi.

Hata hivyo bodi itaendelea kukataa. Amri `id asha` itaonyesha `dialout` kwa kuwa inasoma kumbukumbu za mfumo, ilhali `id` peke yake haitaionyesha, kwa sababu mtumiaji hupewa orodha ya makundi anapoingia, na kila mchakato (programu inayoendeshwa) hurithi orodha ya mchakato uliouanzisha. Kutoka na kuingia upya kungetosha, ila Asha ana faili kubwa linalopakuliwa na hataki likatike. Basi aandike:

`newgrp dialout`

Hapo hufunguka sheli mpya (programu inayopokea amri) ndani ya terminali ileile, nayo inaweza kusoma bodi. Ajue tu kwamba `dialout` sasa ndilo kundi lake la msingi katika sheli hiyo, kwa hiyo mafaili atakayoyaunda yatakuwa ya kundi hilo, jambo linaloweza kuwasumbua wenzake katika folda ya pamoja. Amri `exit` humrudisha alikokuwa. Akitaka kuendesha amri moja tu kwa ruhusa ya kundi hilo, hii inatosha:

`sg dialout -c "arduino-cli monitor -p /dev/ttyUSB0"`

Kwa kazi ndefu ya terminali napendelea `su - asha`, ambayo huomba nywila, hujenga orodha nzima upya na kuliacha kundi la msingi kama lilivyo. Kwa programu ya madirisha haifai sana, kwa kuwa kwa kawaida hufuta vigezo vya mazingira kama `DISPLAY`, kinachoiambia programu ionekane kwenye skrini ipi. Hiyo ianzishwe kwa `sg`.

Njia zote hizi huishia katika terminali husika. Programu zinazofunguliwa kwenye menyu, pamoja na `tmux` (programu inayohifadhi vikao vya terminali) iliyokuwa imeshawashwa, hubaki na orodha ya zamani.

Msimamizi azingatie pia upande wa pili: kumwondoa mtu kwa `gpasswd -d` hakumnyang'anyi ruhusa papo hapo, kwani michakato yake iliyo hai bado inaishikilia. Inapobidi ruhusa ikatike mara moja, atumie `sudo loginctl terminate-user asha`, baada ya kumtaka ahifadhi kazi yake.